Siku Zumari Mbili Zilipopatana

Mwanangu, iko siku moja ninayoikumbuka kila ninapowasikia ninyi vijana mkifanya mazoezi kwenye uwanja wa kanisa. Nimeogopa muda mrefu kuiandika. Shule yangu iliishia darasa la saba, na wapo ambao wangeisimulia vizuri kuliko mimi. Lakini wengi wao wamezikwa migombani sasa, basi nijaribu.

Bendi hii mliyoikuta ilianzishwa na bruda mmoja wa misheni. Alikuja na zumari za mfuko, zile ambazo mpigaji anakumbatia mfuko wa ngozi kwapani, anaupuliza ujae, kisha anaubana kwa mkono huku vidole vikicheza kwenye bomba la wimbo. Mabomba mengine yanalala begani, nayo hutoa sauti moja tu isiyobadilika, wuuu, mwanzo hadi mwisho. Bruda alipoondoka, mifuko ikaoza, na duka la kununua mingine halikuwepo. Ndipo Bibi Anastazia, mjane wa jirani yetu, akachinja beberu wake, akashona mifuko mipya na kumimina asali ndani ili mishono isivuje. Matete ya kuchongea ndimi za zumari tuliyafuata Kahe, kule tambarare. Mimi nilipewa ngoma kubwa kwa sababu nilikuwa na mabega, si kwa sababu ya kipaji.

Ilipofika miaka ya ruksa, mwishoni mwa miaka ya themanini, zumari nzima zilikuwa zimebaki mbili. Moja alipiga Kleofasi, mwana wa Bibi Anastazia. Ya pili alipiga Herimani, ambaye kihamba chake, shamba lake la migomba, kinapakana na chao. Na hao wawili, mwanangu, walikuwa hawasemezani.

Ugomvi ulikuwa wa maji ya mfereji. Kleofasi alisema Herimani alifungua banio siku isiyo zamu yake. Herimani alisema banio lilibomolewa na gogo lililoletwa na mvua. Mimi hadi leo sijui. Gogo nililiona kweli, lakini na nyayo za mtu niliziona.

Sasa elewa jambo hili. Mpigaji wa zumari hawezi kuyarekebisha vizuri mabomba ya begani mwake, kwa kuwa mikono yake yote ina kazi. Lazima mwenzake asimame karibu, asikilize, ayavute au ayasukume kidogo mpaka sauti zao zilingane. Wao hawakukubali kugusana. Kwa hiyo sauti zilipigana hewani kama gari bovu linalopanda mlima.

Paroko alivumilia, halafu akatuita. "Askofu anakuja kutoa kipaimara. Mkipiga kama mlivyopiga Pasaka, ndiyo mwisho wa bendi. Zumari zitaingia stoo, nami nitamwita yule bwana wa Njoro mwenye spika na kaseti." Simlaumu. Pasaka tulikuwa aibu.

Asubuhi ya kipaimara, Kleofasi alisimama upande huu wa uwanja, Herimani upande ule, kila mmoja akihangaika na zumari yake peke yake. Rafiki yangu Simoni, aliyepiga ngoma ndogo, akaninong'oneza, "Hawa wakiendelea hivi, Askofu atadhani beberu wa Bibi amefufuka, na amefufuka na hasira."

Nilicheka. Ndipo nikamwona Bibi Anastazia akiingia getini, na kicheko kikaniishia.

Alikuwa ameshika jani la isale. Unalijua isale, ndilo tunalopanda mipakani. Kwetu mtu akikuletea jani hilo anaomba msamaha, na kulikataa ni jambo la kutisha. Nilidhani anampelekea mwanawe ili amwamuru akapatane. Lakini alimpita Kleofasi kama anavyopita nguzo, akavuka uwanja mzima kwa fimbo yake hadi kwa Herimani.

"Shikamoo, Mama," Herimani akasema.

"Marahaba, mwanangu. Sijui nani alifungua maji. Sikuja kwa hilo. Kleofasi ameshindwa kulileta jani hili, basi nimelileta mimi. Nilimbeba yeye, jani halinishindi."

Simoni baadaye alisema maneno yalikuwa machache zaidi. Inawezekana. Ila hili hakuna aliyelibishia: bibi yule aliweka fimbo chini, akaanza kukunja magoti.

Herimani aliruka akamdaka mikono kabla goti halijagusa ardhi. "Hapana, Mama! Hapana, usinifanyie hivyo!" Na Kleofasi alikuwa tayari anakimbia. Alilichukua jani mkononi mwa mama yake, akampa Herimani mwenyewe, kwa mikono miwili. Akasema, "Nilipaswa kuja mimi." Herimani akajibu, "Hata mimi."

Kisha Herimani akapuliza, na Kleofasi akanyoosha mkono begani kwa mwenzake, akasukuma bomba taratibu; kisha Kleofasi naye akapuliza, Herimani akamrekebishia yake, wakapiga pamoja. Sauti zikatetemeka, zikapunguza kutetemeka, zikasimama. Mwanangu, sijui nikuelezeje. Zumari zilikuwa mbili, sauti ikawa moja, pana, imetulia, naisikia kifuani kama mtu ameniwekea kiganja. Kinamama walisimama na vikapu vyao kichwani. Mimi nilisahau kupiga ngoma mpaka Simoni aliponipiga teke. Sijapata kusikia kitu kama kile tena, wala sitegemei.

Nasaha yangu ni hii. Ukigombana na mwenzako, usingoje kwanza ijulikane nani mwenye haki, huenda isijulikane kamwe. Nenda wewe. Nenda mapema, wakati mama yako bado ameketi kwake kwa heshima. Na ukipiga na mwenzako, mkubali akuguse bega na kukwambia hujalingana naye.

Ruwa, Mungu wetu, awape pumzi ndefu na mioyo myepesi. Awajalie wale mtakaokosana nao wasikae mbali nanyi. Amina.