Utando Unaolisha Sikio

Binti yangu alitoboa sikio huku juu, penye mfupa laini, katika saluni moja ya Mikocheni, kisa harusi ya binamu yake. Sikugomba. Bibi yake, mama mkwe wangu tunayekaa naye Temeke, ana matundu kuanzia ndewe mpaka juu, yametobolewa kwa mwiba wa mlimau, na hayajawahi kumsumbua.

Harusi ikapita, sikio likavimba. Kwetu kitu kikivimba kinakandwa, kiwe goti au tumbo la mzazi. Bibi akachemsha maji ya chumvi, akawa anakanda asubuhi na jioni, anabonyeza hasa, na mtoto analia.

"Tulia, mjukuu wangu. Mtaka uzuri hudhurika."

Sikio lilipoumuka kama andazi tukaenda hospitali. Daktari alikuwa kijana mpole.

"Mmelifanyaje?"

"Tumelikanda," bibi akajibu kwa fahari.

"Shikamoo, bibi. Naomba msilikande tena."

Akatueleza. Ule mfupa laini, gegedu, hauna mishipa yake ya damu. Unalishwa na utando mwembamba ulioufunika, kama ile ngozi ya ndani ya ganda la yai. Usaha ukipenya katikati, utando unabanduka, gegedu linakosa chakula na kufa. Sikio likishajikunja ndiyo basi. Na kule kubonyeza kunaweza kuzidisha madhara. Niliogopa, na nilikuwa na hasira nisijue nimtupie nani: saluni, maji ya moto, au harusi yenyewe.

Walipasua, wakatoa usaha, wakalifunga sikio kwa bandeji ya kubana ili utando ulale tena juu ya gegedu. Nyumbani, majirani wakaja na ushauri wao, na bibi akawa askari wa mlangoni.

"Hakuna kugusa! Utando unashika, nyie mnataka kuubandua?"

Siku ya kufungua bandeji ilipofika, tukarudi kwa daktari akalikague sikio. Alipofungua bandeji sikuthubutu kutazama. Nikaangalia tasbihi mikononi mwa bibi. Daktari akalikunja sikio taratibu, akaliachia. Likarudi, likasimama wima.

"Limeshika," akasema. "Gegedu liko hai."

Nililia mbele za watu, wala sikuona haya. Bibi akasogea, akanyoosha kidole alishike, halafu akakirudisha.

"Hapana," akasema. "Mie nalitazama tu."