Mgongo wa Ma Koku

Nilipokuwa mtoto wa miaka tisa, nilikuwa tabibu. Sitanii. Nilizaliwa nikitanguliza miguu, na kijijini kwetu Muleba mtoto wa namna hiyo alikanyagishwa migongo ya watu wenye maumivu ya kiuno. Watu wazima na heshima zao walikuja asubuhi, wakalala kifudifudi mlangoni, vichwa vikielekea migombani, nami nikawapanda na kutembea juu yao kutoka mabegani hadi kiunoni, mara nne. Nilipewa senene wa kukaanga, yai, siku nyingine soda nzima ya peke yangu. Dada zangu, waliokuwa wanateka maji na kutafuta kuni, walinichukia, na mimi nilifurahi kuchukiwa.

Bibi mzaa baba ndiye aliyesimamia shughuli. Masharti yalikuwa mawili. Kazi ifanyike kabla hatujasalimiana na mtu yeyote, na mgonjwa asilie. Akilia, dawa imemwagika, inaanza upya kesho yake. Tulikuwa Walutheri wa kukaa benchi la pili kila Jumapili, na sikumsikia mtu hata mmoja akiona kasoro.

Mwaka huo akarudi nyumbani Ma Koku, shangazi yangu, mdogo wa mwisho wa baba. Alikuwa ameolewa kijiji cha huko chini karibu na ziwa. Siku moja, akitoka kisimani na dumu kichwani, aliteleza akaketi juu ya mwamba kwa uzito wake wote na wa maji. Miezi miwili baadaye alikuwa bado hawezi kukaa. Alikula amesimama, akalala ubavu, na kuinuka mkekani kulimchukua muda mpaka ukaona haya kumtazama.

Mumewe alimleta mwenyewe, kwa adabu zote, na mkungu wa ndizi juu. Alimwambia Bibi kwamba hajamfukuza mke, ila shamba linataka mtu wa kuinama. Akipona atamfuata. Kama mavuno ya kahawa yatafika akiwa vilevile, itabidi atafute msaidizi mwingine. Kila mtu pale ukumbini alielewa ni msaidizi wa aina gani.

Bibi alimwonea binti yake aibu kuliko huruma. Mwanamke anayesimama wakati wakubwa wameketi mkekani anaonekana anawadharau, na wageni walianza kuuliza Koku anasubiri nini. Kwa hiyo nikaitwa.

Asubuhi ya kwanza nilipita mabegani, nikapita katikati ya mgongo, mambo yakawa sawa. Nilipofika chini kabisa, pale makalio yanapoanza kuachana, Ma Koku aling'ata kitenge chake. Nilisikia mwili wote ukikaza chini ya nyayo zangu. Asubuhi ya pili, hivyohivyo. Ya tatu, kitu kilicheza chini ya kisigino changu, kitu kidogo kigumu, na yeye akatoa pumzi kwa namna ambayo sikuwahi kuisikia kwa mgonjwa wangu yeyote. Hapo nilijua kwamba namuumiza. Nalisema hili mapema ili asije mtu akanitetea.

Mchana huo nilimkuta jikoni akimenya ndizi, amesimama, ameegemea ukuta. Alitazama mlangoni kwanza.

"Kemi, mwana wange," aliniambia, "kesho ukifika kiunoni, geuka. Usishuke huku chini. Bibi yako haoni vizuri, hatajua."

Nikakubali kwa kichwa. Halafu nikatoka, nikaenda moja kwa moja kwa Bibi, nikamwambia yote.

Nimekuwa na miaka mingi ya kutafuta sababu nzuri ya kitendo kile, na sijaipata. Sikumwogopa Bibi. Sikuahidiwa kitu. Nilikuwa tabibu ambaye hajawahi kushindwa, na mwanamke yule alikuwa ananiharibia jina.

Bibi hakugomba. Alisema tu kwamba Koku hataki kupona kwa sababu hataki kurudi kwa mumewe. Asubuhi yake alinitwika nusu debe la maharage kichwani, akanishika mkono nisianguke, akasogea karibu ili aone. Nilipita mara nne. Kisha akaniambia nisimame pale chini kabisa na nihesabu mpaka ishirini. Nilihesabu kwa Kiingereza, ili wasikie nilivyosoma.

Ma Koku hakulia. Niliposhuka alibaki amelala kitambo, akajiinua kwa magoti, akajifuta uso kwa kitenge.

"Mae waitu," alimwambia mama yake, "nimepona."

Na akakaa. Alikaa mkekani kwa makalio yote mawili, akakunja miguu upande kama inavyotakiwa, akala ndizi na maharage pamoja nasi mpaka sahani ikaisha, huku jasho likimtiririka shingoni. Bibi alimshukuru Mungu kwa sauti. Mimi nilipewa paja la kuku. Jumamosi mumewe akaja na pikipiki ya kukodi, wakamweka katikati, yeye na dereva, wakashuka ile barabara ya mawe hadi ziwani. Niliwapungia mkono mpaka walipopotea.

Leo mimi ni fundi cherehani Miembeni, Bukoba mjini, na kazi yangu ni ya kukaa. Nilipojifungua mtoto wa pili, maumivu yalinianza chini kabisa ya uti wa mgongo na hayakuondoka. Kukaa ni shida, na kuinuka kutoka kwenye kiti ni shida zaidi. Nilipompigia mama simu alisema ni maumivu ya wale niliowakanyaga, yamehamia kwangu.

Nilikwenda hospitali, kwa kijana wa mazoezi ya viungo. Alinieleza kwamba mfupa ule unaitwa kifandugu, kwamba unaweza kupona na misuli inayouzunguka ikabaki imekaza, kana kwamba mtu bado anaanguka. Nisikae muda mrefu. Nikikaa, niegemee mbele, juu ya mto uliokatwa pengo nyuma ili mfupa usiguse kitu. Nijikande kwa maji ya uvuguvugu, nitembee, nipumue taratibu mpaka tumboni ili misuli ya chini ilegee. Nikamuuliza kama kukanyagwa kunasaidia. Alicheka, akidhani natania. Akasema mfupa uliopasuka pale ukiuwekea uzito, unauvunja mara ya pili.

Nilishona mito miwili. Mmoja niliupeleka kwa Ma Koku.

Mumewe alioa msaidizi mwaka uleule, kabla kahawa haijakauka. Ma Koku aliwekwa kwenye kijumba cha uani, na yupo hapo mpaka leo. Alinipokea amesimama. Nilimweleza maumivu yangu, naye, bila kuuliza mengi, alipiga magoti kitandani, akalaza kifua chini, akaanza kupumua taratibu kunionyesha. Akanionyesha anavyoegemea mbele anapoketi, na kitambaa chake cha maji ya moto. Ni yaleyale ya hospitali. Nilipomuuliza nani alimfundisha, alisema hakuna, alikuwa na muda wa kutosha wa kujaribu.

Aliukalia mto wangu, akaukubali. Hapo nikapata ujasiri, nikamwambia kwamba mimi ndiye niliyemwambia Bibi.

"Najua," alisema. "Ulikuwa mtoto."

Nilikaribia kushusha pumzi. Yeye alikuwa anaupapasa mto, akitazama mshono.

"Lakini ulikuwa unasikia, Kemi. Nilikuwa chini ya miguu yako. Ulikuwa unasikia."

Nilimsaidia kuanika maharage uani, nikarudi mjini jioni nimesimama ndani ya basi, ingawa viti vilikuwepo.

Mama bado anashikilia kwamba maumivu ya Ma Koku yalihamia kwangu, na majirani zangu wa Rwamishenye, ninakoishi, wanakubaliana naye. Siwabishii. Lakini nimemwona shangazi yangu akiinuka kutoka kwenye ule mto, ameshika ukuta kwa mikono miwili. Hakuna kilichohama. Ninayo ya kwangu, na yeye anayo yake yote.