Nilimwaga Vyuma Ufukweni Ili Mume Wangu Ashindwe

Kosa ni langu. Nalisema mapema ili usije ukamtupia lawama binti wa watu, wala mume wangu. Jina langu naliacha, maana watoto wangu wako shule na wenzao wanajua kusoma.

Nimezaliwa huko juu Endamarariek, nikaolewa kule chini kwenye mashamba ya vitunguu, karibu na Ziwa Eyasi. Mume wangu, Baba Neema, alikuwa askari. Alikwenda vita vya Kagera, na kazi yake huko ilikuwa kutafuta mabomu yaliyofukiwa ardhini, kwa mashine inayolia ikikuta chuma.

Alirudi mzima wa mikono na miguu, nikamshukuru Mungu. Ila maneno aliyaacha hukohuko. Mlango ukijibamiza, anaruka. Rafiki yake mkubwa, aliyetusimamia ndoa yetu kanisani, alifia vitani. Nikamuuliza alikufaje.

"Alikufa tu, Mama Neema. Vitani watu wanakufa."

 Nikazoea kuishi na mtu anayeniomba chumvi tu.

Kiangazi kimoja wakaja watafiti wa mambo ya kale. Ziwa lilikuwa limerudi nyuma sana, limeacha ufukwe mpana, mweupe kwa magadi. Walikuwa na mashine kama ile ya jeshini, ila wao walitafuta vitu vya watu wa zamani: vichwa vya mishale, majembe, bangili. Walipoambiwa kuna askari anayeijua mashine hiyo, wakamwajiri.

Jamani, mume wangu alifufuka. Kutwa anatembea polepole ufukweni, visikilizio masikioni, akisimama wanachimba. Alipata bangili ya shaba, akapata na kengele ndogo ya chuma iliyoliwa na kutu. Jioni anarudi anaimba, anaomba kuongezewa ugali. Nilipaswa kupiga magoti nishukuru.

Badala yake nilimtazama Zuhura. Si jina lake, nimempa hilo. Alikuwa mwanafunzi wa chuo kutoka Dar, anavaa suruali, kazi yake kupokea kila kitu kinachopatikana na kukifunga. Alimwita mume wangu "Afande". Kila akiitwa hivyo, Baba Neema anatabasamu. Kwangu hakuwa ametabasamu tangu aliporudi.

Siku moja niliwapelekea makande. Nilipokaribia hema nikasikia sauti ya mume wangu, anazungumza mfululizo, jambo ambalo nilikuwa nimelisahau.

"Alikuwa ametangulia mbele yangu," alikuwa anasema. "Nikasikia mlio. Nikamwita, asimame..." Kisha akalitaja jina la msimamizi wetu wa ndoa.

Sikungoja mwisho. Niliweka sufuria chini na kuondoka.  Kama ningewakuta wameshikana mikono nisingeumia vile. Habari za kifo kile nilikuwa nimeziomba kwa mume wangu muda wote ule, nikanyimwa. Leo zinatolewa bure kwa msichana wa suruali.

Nikaenda kwa mhunzi mmoja wa Kidatoga, nikamwomba vipande vidogovidogo anavyovikata na kuvitupa, na unga wa chuma unaomwagika anapopiga tupa. Nikamwambia nakwenda kuviweka kwenye mizizi ya mipapai ili izae. Akanijazia kikapu.

Jumapili, watafiti wakiwa wamepanda mjini Karatu na mume wangu amelala baada ya misa, nilikwenda ufukweni. Walikuwa wamezungushia kamba eneo la kazi. Nilitupa vile vyuma kama mtu anayepanda ulezi, nikavikanyagia kwenye tope, upepo wa ziwa ukafuta nyayo. Niliwaza hivi: mashine italia ovyo, wataona hajui kazi, watamwachisha, na huyo binti atarudi kwao.

Jumatatu mashine ililia kila hatua. Wakachimba, wakakuta tope, maana chembe zile zilikuwa ndogo na zimeshika rangi ya udongo. Kiongozi wao akavaa visikilizio, akatikisa kichwa. "Kwangu milio yote ni sawa," akasema. "Wewe ndiye unayeijua. Kuna kitu au hakuna?"

Mume wangu akavivaa tena visikilizio, akarudia kutembea. Kesho yake hali ilikuwa ileile. Siku iliyofuata nilikuwapo, nimepeleka chakula, na nilitaka kuona. Nilimwona akivua visikilizio, akiwa amesimama.

"Nimevua," akamwambia Zuhura, "na bado nasikia. Si mashine. Ni kichwa changu."

Akailaza mashine chini taratibu, akarudi nyumbani. Ningeweza kusema palepale. Sikusema.

Watafiti walisubiri, wakamwomba, akakataa. Wakafunga mizigo. Zuhura alikuja kuniaga jikoni. "Shikamoo, mama," akasema. Nikaitikia bila kumwangalia.

"Mama, usimwache Afande peke yake. Alikuwa ananisimulia habari za rafiki yake. Aliniambia kwa mgeni haoni aibu kulia. Anataka kwanza aweze kuisema yote, ndipo akusimulie wewe."

Nilikuwa nakoroga uji. Uliungua, nikaendelea kukoroga.

Baba Neema akarudia kimya chake, na sasa kilikuwa kibaya zaidi, kwa kuwa hakuyaamini tena masikio yake. Mbwa akibweka ananiuliza, "Umesikia?" Watu wakimwita barabarani hageuki. Mimi najua dawa iko mdomoni mwangu, lakini kila nikifungua mdomo naona atakavyoniangalia.

Misimu miwili ya mvua ilipita hivyo. Kisha mtoto wetu mdogo akateleza kwenye mfereji wa kumwagilia vitunguu. Alilia. Baba yake alikuwa amekaa karibu kabisa, na hakuinuka. Jirani ndiye aliyemkimbilia akamtoa, amekunywa maji, amelegea. Alipona.

"Nilimsikia," mume wangu akaniambia, machozi yanamtoka. "Nilidhani ni kelele zangu."

Hapo nikamwambia yote: mhunzi, kikapu, Jumapili ile. Hakunipiga. Alikaa akiangalia mikono yake, halafu akauliza, "Kwa hiyo kwenye mashine nilikuwa nasikia vizuri?"

"Ulikuwa unasikia vizuri."

"Na wewe ulijua."

"Nilijua."

Alichukua koti lake na blanketi, akapanda kwa kaka yake anayeishi Endamarariek. Alirudi wakati wa kuvuna, kwa ajili ya watoto. Sasa mtu akimwita anageuka, na mtoto akilia yeye ndiye wa kwanza kufika. Mimi ananizungumzisha habari za maji na mbegu. Habari ya rafiki yake hajanipa, nami sina uso wa kuiomba.

Mwanamke mwenzangu, na wewe mwanamume mwenye wivu, nisikilize. Ukimsikia mwenzako anamfungulia moyo mtu mwingine, usikimbie katikati ya sentensi kama nilivyokimbia mimi. Simama usikilize hadi mwisho. Ukishindwa, ingia ndani ukae nao, useme, "Na mimi nataka kusikia." Utaona aibu kidogo. Hiyo aibu ivumilie.