Mikono ya Longor

Mimi nikikasirika sijifichi, na Longor alinikasirisha kila siku ya Mungu. Hoteli yangu iko kando ya barabara hapa Lodwar, pale magari ya wageni husimama kabla ya kwenda ziwani. Nauza chai, chapati na mbuzi wa kuchoma. Sasa mgeni akifungua mlango wa gari, hata mgongo hajanyoosha, Longor ameshafika. Mtu mrefu, mkavu, shuka begani, njuga miguuni. Mkono wa kushoto anaurusha juu, wima. Wa kulia anaukunja mbele ya uso mpaka unafunika jicho. Halafu anaruka, anaimba Kiturkana kwa sauti ya kuamsha wafu, na vumbi lote linaingia kwenye chai yangu. Akimaliza anaegemea mlango wa gari.

"Wewe meangalia? Toa kitu ya ng'ombe."

Asipopewa haondoki, ng'o! Anaweka fimbo yake mbele ya gurudumu na kuchutama hapo. "Macho yako mekula ngoma yangu. Toa." Mama mmoja wa Nairobi alijifungia ndani ya gari, ikabidi nimpitishie chapati dirishani. Wengine walimcheka waziwazi, eti mchezaji gani huyu, mikono yenyewe hawezi kuinua sawasawa.

Nilimfukuza kwa mwiko. Nilimmwagia maji ya vyombo. Nilimtukana kwa Kikalenjin, lugha tamu kwa kazi hiyo. Yeye anatabasamu tu, "Ejok, mama," yaani ni sawa tu, anakaa kivulini kidogo, gari lingine likija anainuka. Wanasema ng'ombe haelemewi na nunduye. Mimi nundu ile ilinielemea, maana magari yalianza kunipita bila kusimama.

Na huyo ng'ombe mwenyewe ndiye aliyetuchekesha. Longor si jina alilopewa na babake, ni jina la maksai wake wa rangi ya kahawia. Kwa Waturkana mwanamume huwa na maksai mmoja wa moyo wake. Humtungia nyimbo, huinua mikono akimwimbia, na watu humwita mwenyewe kwa jina la mnyama. Hayo nayaelewa, hata kwetu Baringo ng'ombe ni mtu wa nyumbani. Lakini ukame ulikuwa umepita hapa ukafagia maboma. Longor alikuwa akisema wengine wote walikufa, huyu mmoja yuko hai, yuko Kakuma kwa dada yake Athieng, na pesa za wageni ndizo zinazomnunulia marobota ya majani yanayokuja na malori kutoka Kitale. Haya, nani angeamini? Kila anayeomba ana mgonjwa wake hospitalini.

Siku moja Mike, dereva wa wageni, alichoka. Longor alikuwa ameweka fimbo mbele ya gurudumu lake, na wageni walikuwa wanalia joto ndani.

"Mathe, huyu mzee atatuharibia kazi," akaniambia. Kisha akamgeukia. "Huna ng'ombe wewe. Hilo jina unalobeba ni la mzoga."

Vijana wa bodaboda walikuwa wanacheka. Wakageukia pikipiki zao. Mimi mwenyewe mwiko ulinibaki mkononi, kwa sababu mwanamume wa hapa ukimwambia hivyo umemvua nguo sokoni.

Longor aliinuka polepole. "Nikimleta?"

"Ukimleta nitasimama hapa mpaka nizeeke, na asikuguse mtu. Usipomleta, usikanyage hapa tena."

Akachukua fimbo yake, akashika njia ya Kakuma. Hata hakuaga.

Ndipo nilipoanza kuwaza. Kakuma si jirani, hata magari hulia njiani, na ilikuwa kiangazi kibaya. Kama ng'ombe hayupo, tumemwona wa mwisho. Lakini kama yupo, je? Mnyama mzee, aliyeponea chupuchupu, utamtembezaje jua lile? Akifia njiani, Longor amepoteza ng'ombe na jina kwa safari moja.

Chai yangu ikawa safi, haina vumbi. Nilikuwa nimeiomba amani hiyo, na ilipokuja haikunifurahisha hata kidogo. Nikawa natazama barabara. Dereva mmoja wa lori aliyetoka Lokichoggio akanieleza kwamba amempita mtu na kitu cha mifupa mitupu, wanasimama kila penye mti. Mtu yule alikuwa anamimina maji ya mtungi kwenye sufuria, mnyama anakunywa, yeye mwenyewe anatazama tu.

Tulisikia kengele kwanza. Ilikuwa asubuhi ya soko, Mike yupo, wageni wake wanakula kwangu. Watu walifungua njia. Longor alikuja mbele, midomo imepasuka, na nyuma yake maksai wa kahawia, mbavu unaweza kuzihesabu, anapiga hatua anapumzika, anapiga nyingine.

Jamani, pembe zake! Ya kushoto imesimama wima. Ya kulia imekunjika ikapita mbele ya uso mpaka ikafunika jicho.

Mungu wangu! Siku zote zile mtu huyu alikuwa anatuonyesha, na sisi tunasema hajui kuinua mikono.

Akasimama kando ya kichwa cha ng'ombe, akainua mikono yake. Hakuruka. Aliimba taratibu, karibu na sikio. Miguu ya mnyama ilikuwa inatetemeka, lakini wimbo ulipofika mahali ukatulia, aliinua kichwa na pembe zile, akalia mlio mrefu uliotoka tumboni kabisa. Longor akaendelea. Alipotulia tena, ng'ombe akajibu tena. Vijana walizima pikipiki zao. Mike alivua kofia, akaishika kifuani. Mimi nililia mbele za watu, na siwaonei haya, nimezaliwa kwenye ng'ombe lakini jambo kama lile sijawahi kuliona.

Mgeni mmoja alikuja na noti mkononi. Longor aliushusha ule mkono polepole bila hata kumtazama. "Hapana. Leo hapana."

Nikasema jua limempiga kichwani. Longor? Huyu wa fimbo kwenye gurudumu?

Nilimpeleka ng'ombe kwenye kivuli nyuma ya jikoni, nikampa maji kwenye karai na majani yote ya kabichi niliyokuwa nayo. Akalala. Longor naye alikunywa chai, vikombe sijui vingapi. Mchana gari lingine likasimama, wageni wakashuka. Aliinuka, akamtazama ng'ombe, kisha akanifuata jikoni akanong'ona.

"Mama, mwangalie. Mimi naenda kule ng'ambo ya daraja, magari inapita huko pia."

"Unaenda wapi na wageni hawa hapa? Si umeshinda? Imba hapa, ni nani atakufukuza?"

Alinishika bega, akanisogeza mbali kidogo na pale ng'ombe alipolala.

"Hapa ataniona nikiomba," alisema. "Yeye hajajua bado kama tumekuwa maskini."