Nyimbo Tisa za Hesbon

Ndugu yangu mdogo, Hesbon Wepukhulu, aliwachomelea watu wa Kibomet milango kwa miaka kumi na sita. Ukipita mtaa huo wa Kitale, mageti mengi yenye nyota katikati ni kazi ya mikono yake. Hayo ndiyo yaliyosomwa siku ya mazishi, nami ndiye niliyeyaandika. Sehemu nyingine ya maisha yake sikuiandika, kwa sababu ushahidi wake niliuchoma mwenyewe.

Hesbon alikuwa na bendi. Hawakupiga rumba wala nyimbo za injili. Walipiga metali, ile roki nzito ambayo magitaa ya umeme hunguruma na mwimbaji hunguruma kuyashinda. Walikuwa watatu: yeye kwenye gitaa na sauti, Kizito kwenye besi, na Tonny, fundi mwenzake wa karakana, kwenye ngoma. Walijiita Ng'ombe wa Chuma. Mwaka 2013 walikodi chumba, wakasimamisha magodoro ukutani ili majirani wapate amani, wakarekodi albamu ya nyimbo tisa waliyoiita Tifua.

Walitengeneza CD themanini. Mtangazaji mmoja wa redio alisikiliza kidogo akawauliza kama mashine yao ilikuwa imeharibika. Siku ya uzinduzi mjini Bungoma walikuja watu kumi na mmoja, pamoja na mlinzi wa ukumbi. Baadaye kompyuta waliyorekodia iliibwa. CD zilizobaki alizileta nyumbani kwangu kwenye katoni, maana paa la chumba chake lilikuwa linavuja.

Mwaka uliofuata tulikuwa na mkutano wa injili pale Kibomet. Mhubiri mgeni alituambia tulete vitu vyote vya giza vilivyo nyumbani vichomwe. Niliikumbuka ile katoni. Juu ya kila CD kulikuwa na picha ya fahali mweusi mwenye moto puani. Sikusikiliza hata wimbo mmoja. Niliibeba katoni kichwani hadi uwanjani, nikaimwaga motoni, na watu wakanishangilia.

Jioni Hesbon alikuja nikamwambia. Alikoroga chai yake mpaka ikapoa.

"Dada Agneta," alisema, "kama ulitaka moto, si ungeniambia nikuletee kuni?"

Alicheka, akawasalimia watoto wangu, akaenda zake. Hakuitaja tena albamu hiyo mbele yangu mpaka alipokufa kwa homa ya mapafu, mwezi wa tatu mwaka huu, akiwa na miaka thelathini na tisa.

Alipoondoka nilitaka kitu kimoja tu: kuisikia sauti yake. Kwenye simu yangu hakukuwa na chochote, kwa kuwa Hesbon alikuwa mtu wa kupiga simu, si wa kutuma sauti. CD ya Tonny ilikwaruzika zamani. Ya Kizito ilipotea alipohamia Qatar. Nilipiga magoti nikasema, Bwana, nilichoma kwa jina lako, sasa nioneshe pa kutafuta.

Tulimzika nyumbani kwetu, upande wa Kibabii. Kwetu sisi Wabukusu, siku ya tatu baada ya mazishi watu wa nyumba hukusanyika kunyolewa. Kabla wembe haujagusa kichwa, mwenye kikao huuliza: nani ana kitu cha marehemu, au neno naye? Aseme sasa, maana nywele zikishaanguka mambo yamefungwa. Mwenye kikao alikuwa baba yetu mdogo, Barasa. Alipouliza, nilisimama wa kwanza.

"Mimi nilikuwa na kitu chake," nilisema, "nikakichoma."

Niliwaeleza yote. Mama aliinamisha kichwa. Hakuna aliyenilaumu, na hilo liliniuma zaidi. Ndipo mtu mwenye kofia ya Kiislamu akasimama huko nyuma. Alisema anaitwa Abdikarim, fundi wa redio karibu na msikiti wa Bungoma, na kwamba alikuja kutoa pole baada ya kusikia msiba.

"Poleni, wazee. Mimi si wa ukoo, lakini mmeuliza nani ana kitu cha marehemu. Mimi ninacho."

Akatoa CD mfukoni. Fahali yule yule. Alieleza kwamba siku ya uzinduzi aliitengeneza amplifaya yao ikiwa imeungua, na Hesbon akampa CD kwa shukrani. Tangu siku hiyo huipiga dukani kila Jumamosi, na amewanakilia wateja wengi. Kuna vijana wa chuoni Kibabii wanaoziimba nyimbo zote tisa bila kukosea.

"Walidhani ni bendi ya Ulaya," alisema. "Nikawaambia, Ulaya gani, bana? Hawa ni watu wa Kitale."

Barasa alimuuliza mbona miaka yote hiyo hakuwaletea wenyewe.

"Mzee, nani angefikiri ati dada yake hana?"

Spika za mazishi zilikuwa bado uani. Abdikarim aliunganisha nyaya, na gitaa lilipoanza bata wakakimbilia migombani. Shangazi mmoja alijiziba masikio. Barasa aliuliza kama huyo kijana alikuwa akiimba au alikuwa amemeza fahali, na watu wakacheka kwa mara ya kwanza wiki hiyo. Lakini katika wimbo wa pili Hesbon alivuta pumzi akaita kwa sauti nzito, ndefu: "Musasi-eee! Kadogo-eee!"

Barasa aliinuka kitini.

"Nyamazeni," alisema. "Huyu mtoto analima."

Musasi na Kadogo walikuwa ng'ombe wa marehemu baba wa kukokota jembe. Hesbon aliwaongoza tangu akiwa na miaka tisa, na ngurumo ile niliyoiogopa bila kuisikiliza ilikuwa ni ile ya kuwahimiza wakilima. Barasa akawa mkalimani wetu. Gitaa likipinda, alisema, hapo wamefika mpakani, wanageuka. Ngoma zikiongeza kasi, alisema, sasa wanateremka. Wazee wakaanza kuitikia kila mwito, "Eee!" na Tonny akawa anapiga ngoma kwenye ndoo, machozi yakimtiririka.

Wembe ulikaa ndani ya maji nyimbo zote tisa. Wimbo wa mwisho hauna ngoma. Ni gitaa moja tu, na Hesbon akisema polepole sala aliyoisema baba kabla jembe halijakata mfuo wa kwanza: Mungu wa mvua, itazame mikono yetu. Nilimshukuru Mungu kwa sauti, na mama akanishika mkono.

"Rudia," mama alimwambia Abdikarim. "Kutoka mwanzo. Na usipunguze."

Kinyozi alilalamika kwamba jua linashuka. Barasa akamwambia anyoe huku tukisikiliza. Niliburuta kiti changu mpaka karibu kabisa na spika, nikainamisha kichwa.