Fotosintesisi ya Bibi

Juzi nilishuka kwenye bodaboda pale kijijini kwetu Sibwesa, nikakuta mashine ya kusaga inanguruma mahali kilipokuwa kinu cha bibi yangu. Nikacheka peke yangu. Dereva akanitazama kwa wasiwasi, wala simlaumu. Ningeanzaje kumweleza kwamba pale ndipo nilipojifunzia Kiingereza?

Nilikuwa kidato cha kwanza. Mwalimu wetu wa bayolojia alinichagua niwaeleze wazazi, siku ya mahafali, jinsi mmea unavyojitengenezea chakula. Sharti lake: nilitamke jina refu la Kiingereza la kazi hiyo bila kuchapia. Wote tulikuwa tukikandamiza silabi yake ya karibu na mwisho, kama tunavyosema Kiswahili. "Nyie, Kiswahili kina adabu, kinakanyaga palepale siku zote," alituambia. "Kiingereza kinakanyaga kinapotaka. Fo-to-SIN-the-sis!"

Basi jioni, maharage yakitokota jikoni, mimi na bibi tulitwanga mahindi, mchi wake ukipanda wangu ukishuka, nami nikigonga silabi moja moja. Pumba zilituingia puani tukapiga chafya na kucheka. Bibi, aliyehamia huku na ng'ombe kutoka Usukumani, alilipenda neno lile kupita kiasi. Alilisema kivyake, fotosinteSIsi, mchi ukitua kwenye hiyo SI ya karibu na mwisho. Nikimsahihisha, ananiambia, "Twanga wewe!" Akaahidi kuja kulisikia.

Na kweli alikuja na kitenge kipya, akakaa mbele. Mimi sikujali wageni wengine, nilitaka bibi asikie tu. Nililitamka vizuri, tena zaidi ya mara moja, uzito mahali pake, silabi za mwisho nimezimeza kama mwalimu alivyotaka. Watu wakapiga makofi. Bibi aliendelea kunitazama, mikono mapajani.

Tulipotoka akanishika mkono. "Mke mwenzangu," aliniita kwa utani wetu wa siku zote, ila safari hii hakucheka, "mbona lile neno letu umeliruka? Nimelisubiri mpaka mwisho."

Roho iliniuma. Nikalipaza palepale: "FotosinteSIsi!" Bibi akapiga vigelegele mpaka wageni waliokwisha panda pikipiki wakageuka.

Bibi hayupo tena, na ninamkumbuka sana. Siku hizi mimi mwenyewe nafundisha bayolojia Mpanda mjini. Neno lile nalitamka sawasawa, wanafunzi wanaliandika, tunaendelea na somo. Hakuna anayelisubiri.