Samaki Sita wa Mama Hamdani Wahamia Nangara

"Wote sita watafika wazima. Akifa hata mmoja, nitamkaanga mbele yenu nimle na ugali!"

Mwanne, fundi cherehani wa Maisaka ambaye sote tunamwita Mama Hamdani, aliyasema hayo kwenye kikao cha harusi, kipaza sauti mkononi. Ajenda ilikuwa ukumbi. Hakuna aliyemuuliza habari za samaki.

Samaki wenyewe ni wa mapambo, rangi ya chungwa, aliowanunua Arusha alikokwenda kufuata zipu. Zipu alizisahau. Kwa miaka minne wameishi kwenye tangi la kioo kando ya cherehani, na wamemwokoa mara nyingi: mteja akiambiwa "bado vifungo tu" kwa wiki ya tatu, humtazama Mwenyekiti, yule mnene anayewahi chakula kuliko wenzake, hasira zikamwisha.

Sasa nyumba yake ya Nangara imekamilika. Kumhamisha Mama Hamdani ni kazi ya asubuhi moja. Kumhamisha Mwenyekiti ni shughuli.

Marseli, muuza sato wa ziwani, alikuja kutoa ushauri. "Mama Hamdani, mimi nasafirisha samaki mwaka wa kumi na mbili huu."

"Wazima?"

Marseli akajikuna. "Wabichi."

Mama Hamdani aliwafungisha samaki siku nzima bila chakula, wasichafue maji njiani. Akasuuza ndoo tatu za rangi bila tone la sabuni. Katika moja akawaweka samaki, maji nusu ili hewa ibaki. Mbili akazijaza maji ya zamani ya tangi, maana samaki hawa wakibadilishiwa maji yote ghafla, hawachukui muda kufa. Filbert wa bajaji aliagizwa aendeshe kana kwamba amebeba mayai ya mama mkwe.

Walifika salama. Mama Hamdani akaingia ndani na ndoo ya samaki, akachomeka pampu ya hewa. Alipotoka kufuata zile mbili, zilikuwa zinang'aa.

"Karibu jirani!" Ni Leonia, Mama Gerson wa nyumba ya pili, anajifuta mikono kwenye khanga. "Yale maji ya kijani nimeyamwaga kwenye migomba, nimekujazia ya bomba. Poleni jamani! Kwani Maisaka ndiyo mnakunywa yale?"

Huku kwetu mgeni akihamia, hatuulizi. Tunasaidia.

Mama Hamdani aliketi juu ya godoro lililokuwa bado uani. Maji ya bomba yana dawa. Dawa hiyo hiyo inayotukinga sisi na kipindupindu ingemmaliza Mwenyekiti.

"Niwashe jiko?" akauliza Marseli, aliyekuja nyuma na beseni lake la sato.

Mama Gerson alipoeleweshwa, mikono ilimpanda kichwani. Kisha akakumbuka: "Nina simtanki la maji ya mvua! Hayana dawa yoyote!"

Yakachotwa, yakawekwa juani yapoteze ubaridi. Halafu kikombe kimoja ndani ya ndoo ya samaki, dakika kumi, kikombe kingine. Akina mama wa kikao wakawasili kushuhudia, wamebeba unga, wakaketi kuzunguka ndoo kama wanasubiri matokeo ya darasa la saba.

Kikombe cha saba, Mwenyekiti akalala ubavu.

Filbert akavua kofia. Mama Hamdani akainama hadi pua ikagusa maji. "Mwenyekiti, usinifanyie hivi. Niliongea kwa kipaza sauti."

Cha nane. Bado ubavu. Cha tisa, mkia ukatikisika, Mwenyekiti akajiweka sawa na papo hapo akamfukuza mwenzake pembeni. Vigelegele! Vya Mama Gerson ndivyo vilivyochelewa kuisha.

Hadi alasiri wote sita walikuwa kwenye tangi, mbele ya dirisha jipya, na ugali ulikuwa umeshasongwa. Kitoweo kilichotarajiwa kilikuwa kinaogelea.

Macho yote yakamgeukia Marseli na beseni lake.

"Sato mkubwa, elfu tisa," akasema.